MFANO WA MSITU WA MAU
Jinsi Waogiek walivyoijenga nchi yao kwa mikono

Chama kinapotimiza miaka 10 ni desturi kuhesabu magunia, maghala na fedha. Hesabu hizo zimo katika kurasa nyingine za kitabu hiki, nazo zina heshima yake. Ukurasa huu umewekwa kwa ajili ya mali nyingine ambayo haipimwi kwa mizani, nayo ni maarifa waliyo nayo wenyeji juu ya ardhi yao. Ili ionekane jinsi maarifa hayo yanavyoweza kukusanywa yakawa mali ya wote, nitaeleza habari za Waogiek wa msitu wa Mau katika Kenya, ambao mwaka 2006 waliijenga nchi yao kwa kadibodi, gundi na rangi.

Waogiek ni watu wa msituni tangu zamani. Waliishi kwa kuwinda na kurina asali, na mizinga yao waliichonga kwa magogo wakaitundika juu ya miti. Wengine waliwaita Wadorobo, jina litokalo kwa Wamasai, lenye maana ya watu maskini wasio na ng'ombe. Lakini mtu asiye na ng'ombe si lazima awe mtu asiye na nchi. Kila ukoo ulikuwa na eneo lake lililojulikana, na aghalabu eneo hilo lilipanda tangu chini ya milima hadi juu, likipita katika misitu ya namna mbalimbali. Sababu yake ni nyuki. Maua hayachanui yote kwa wakati mmoja. Huchanua kwa zamu, huku chini kwanza na kule juu baadaye, au kinyume chake, na mrina asali huifuata zamu hiyo.

Serikali ya kikoloni haikuutambua utaratibu huo. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyowekwa mwaka 1932 chini ya Bwana Morris Carter, haikuona kwamba yafaa Waogiek wapewe ardhi yao wenyewe. Ilishauri wahamishiwe katika maeneo ya makabila makubwa yaliyo karibu nao kwa lugha na desturi. Hivyo katika ramani za serikali msitu ulionekana, na wenye msitu hawakuonekana. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 ramani hizo ziliendelea kutumika. Mwaka 2001 sehemu kubwa ya Mau Mashariki iliondolewa katika hifadhi ili igawiwe watu, na wengi wa waliopata viwanja hawakuwa Waogiek. Miti ilikatwa, mashamba yakaanzishwa, na mahali palipokuwa na mizinga ya babu pakawa pa mtu mwingine mwenye karatasi mkononi.

Basi, wazee walikuwa na maarifa, lakini hawakuwa na karatasi. Na hata walipoonyeshwa ramani ya kawaida, haikuwafaa sana. Ramani hulala bapa mezani. Milima na mabonde yote huwa sawa, na anayetaka kujua kimo cha mahali hapana budi asome mistari myembamba aliyofundishwa shuleni. Kwa mtu ambaye nchi yake yote imepangwa kwa kupanda na kushuka, ramani hiyo imeficha jambo lile lile alijualo zaidi.

Dawa iliyopatikana ni mfano wa nchi wenye vilima na mabonde. Njia hii ilikwisha kutumika Thailand na Ufilipino kabla ya kufika kwetu. Mwezi wa Agosti 2006, mahali paitwapo Nessuit katika wilaya ya Nakuru, walikutanika Waogiek wapatao 120, wake kwa waume, kutoka koo 21. Walisaidiwa na wataalamu wa ramani wa shirika la ERMIS Africa, pamoja na kituo cha CTA cha Uholanzi. Kipimo kilichochaguliwa kilikuwa 1 kwa 10,000, yaani sentimita moja ya mfano ilikuwa sawa na mita 100 za ardhi. Nchi yenye kilomita za mraba 576 iliwekwa katika nafasi ya mita za mraba zisizotimia 6, ambayo ni kadiri ya sakafu ya chumba kidogo.

Kazi yenyewe yataka uvumilivu kuliko elimu. Huanza kwa kunakili mistari ya kontua, yaani ile inayounganisha mahali penye kimo kimoja. Kila mstari hukatwa katika kadibodi yake, kisha kadibodi hizo hugandishwa kwa gundi, moja juu ya nyingine, tangu bonde la chini kabisa hadi kilele. Ngazi zake hulainishwa kwa karatasi zilizolowekwa, na yote ikishakauka nchi huwa imesimama, nyeupe, bila ya jina lolote. Hiyo ndiyo sehemu inayofaa mikono ya vijana. Kuanzia hapo ni zamu ya wazee. Rangi hupakwa kuonyesha namna za msitu na mashamba. Nyuzi hutandazwa kuonyesha mito, njia na mipaka. Na pini zenye vichwa vya rangi huchomekwa mahali pa nyumba, pango, chemchemi au mizinga.

Huko Nessuit wazee waliujaza mfano huo kwa kumbukumbu zilizorudi nyuma hadi miaka ya 1920. Hapa ndipo penye mafunzo kwetu. Uzi wa mpaka hauwezi kuwekwa na mtu mmoja, maana jirani yake amesimama upande wa pili wa meza anatazama. Atakayekosea mto atasahihishwa na yule aliyekuwa akiteka maji huko. Mama aliyejua mahali pa dawa na kuni husema lake, na mzee aliyejua mapito ya wanyama husema lake. Hapana mmoja aliye na nchi nzima kichwani mwake. Jambo likishakubaliwa mbele ya wote limekwisha kuthibitishwa, kama hesabu iliyosomwa katika mkutano mkuu. Na kijana aliyezaliwa baada ya miti kukatwa huona kwa mara ya kwanza mahali ambapo babu yake alirina asali.

Mfano wa kadibodi haukuwa hati ya kumiliki ardhi, na ugomvi haukwisha. Oktoba 2009 Waogiek na wakaaji wengine wa Mau walipewa notisi ya siku 30 wahame msituni. Mwezi uliofuata malalamiko yalipelekwa kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwaka 2012 tume hiyo ikaifikisha kesi mbele ya Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama iliamua kwamba haki za Waogiek zimevunjwa, na kwamba kuhifadhi msitu si sababu ya kutosha ya kuwafukuza, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba wao ndio walioharibu. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa machungu waliyopata, na ardhi yao ya jadi ipimwe, iwekwe mipaka na kuandikiwa hati ya pamoja. Hata hivyo, Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilibomolewa tena upande wa Narok. Hukumu ni jambo moja, na utekelezaji ni jambo jingine.

Amri ile ya mahakama yasema kwamba ardhi hiyo itambuliwe kwa kushauriana na wenyewe. Siku wapimaji watakapouliza mpaka uko wapi, jamii isiyo na kumbukumbu iliyokusanywa itajibu kwa sauti nyingi zinazopingana. Lakini jamii iliyokwisha kukaa pamoja juu ya mfano mmoja itakuwa na pa kuanzia, hata kama baadhi ya wazee waliochomeka pini zile wamekwisha kufariki.

Ndugu wanachama, nasi tunao wazee wanaojua visima vilivyokauka, udongo unaochoka upesi, na njia ambazo mazao yalipitia kabla ya barabara. Tunao pia vijana wenye mikono myepesi. Kadibodi hupatikana, na gundi si ghali. Kila chama cha msingi kingeweza kuujenga mfano wa bonde lake, ukawekwa katika ofisi ya chama, chini ya ulinzi wa wanachama wenyewe, maana si kila kitu kilichomo humo chafaa kuonyeshwa mgeni. Naiomba Halmashauri ilitie jambo hili katika shauri la mkutano mkuu ujao, na lisicheleweshwe, kwa kuwa maarifa hayo hayangoji kama mazao yaliyo ghalani.