Gradua, Lisansi na Shimo Lililo Katikati: Hisabati Kindu

Kwa miongo kadhaa, kijana wa Kindu, nchini Kongo, aliyetaka kufundisha hisabati alipata kwanza diploma ya taifa, akaingia chuo cha ualimu, ISP, akasoma miaka 3 ya gradua, kisha, ada ikipatikana, akatafuta miaka 2 ya lisansi, pengine mbali, Bukavu au Kinshasa. Wengi waliishia kwenye miaka ile 3 ya gradua. Walishika chaki katika wilaya za mji, Kasuku au Mikelenge, wengine wakivuka Lualaba kwa mtumbwi kwenda Alunguli, na lisansi ikangoja.

Ngazi hizo mbili zilitokana na mageuzi ya 1971, vyuo vikuu vya Zaire, Kongo ya leo, vilipounganishwa kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa, UNAZA. Wapo wanaozilaumu kwa kumrefushia mwanafunzi safari. Lawama hiyo haimtendei haki mtoto wa maskini: gradua ilimpa kazi, na kazi ikampa ada ya kuendelea. Kasoro ilikuwa kwingine, pale ngazi moja inapokutana na nyingine.

Tuchukue mfano wa mfuatano 1/n. Mwanafunzi wa humanite, yaani sekondari, anajua kuwa n ikikua, jibu linaelekea sifuri, na kwenye mtihani wa taifa hilo linamtosha. Darasa la analisi linamdai zaidi: akipewa kosa dogo lolote, tuseme 0.01, aonyeshe ni kuanzia wapi kila jibu liko chini yake. Hapa ni baada ya 100. Kisha athibitishe hivyo kwa kosa lolote lile, si hilo tu. Aliyepita gradua kwa kukariri kanuni za kukokotoa atafika kwenye topolojia akiwa na cheti halali mkononi na msingi mtupu kichwani. Historia ina sura ambazo msomaji aweza kuzifidia baadaye. Hisabati haina huruma hiyo.

Tatizo si la Kongo peke yake. Nchini Marekani, ambako wengi huanzia vyuo vya miaka 2, ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilikadiria mwaka 2017 kuwa wanafunzi wanaohama chuo kimoja kwenda kingine hupoteza takriban 43% ya krediti zao.

Mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari), ulioenezwa nchini Kongo kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, umeifanya lisansi kuwa miaka 3 na krediti 180, kisha masta ya miaka 2. Ni hatua njema, ila haimtatulii tatizo mwalimu mwenye gradua ya zamani anayetaka kurudi darasani. Kumpangia mwaka kwa kuhesabu miaka aliyosoma ni kukwepa swali. Apimwe kwa analisi na aljebra, aonyeshe anachoweza kuthibitisha. Palipo na pengo apewe somo hilo moja, asirudishwe mwaka mzima. Kindu ina ISP na Chuo Kikuu chake. Wahadhiri wa pande hizo mbili wanaweza kutunga karatasi moja ya mtihani, ikafanywa wakati wa likizo kubwa, walimu wanapokuwa huru.