Mantra, Uradi na Rozari: Neno Linalorudiwa katika Historia ya Ibada Kasulu na Kibondo

Katika Kiswahili cha shuleni, kitenzi “kukariri” kimebeba lawama: aliyekariri ni yule anayetamka asichokielewa. Hivyo, mfasiri anayeandika kwamba Wabuddha “hukariri” mantra huwa ameihukumu ibada hiyo kabla ya kuieleza. Makala haya yanadai kwamba historia ya ibada katika nyanda za juu za Kigoma inatupatia msamiati unaofaa zaidi.

Neno mantra limetokana na mzizi wa Kisanskriti “man”, yaani kufikiri, na kiambishi “-tra” kinachotaja chombo. Katika Ubuddha wa Vajrayana, uliostawi India tangu karne ya 7 hivi na kuenea hadi Tibet, muumini huirudia mantra akihesabu kwa ushanga wa punje 108. Wataalamu hawajaafikiana kuhusu tafsiri ya mantra mashuhuri ya silabi sita ya Avalokiteshvara. Waumini nao hawajaacha kuitamka. Maana yake haimo katika tafsiri pekee, bali pia katika sauti, pumzi na utulivu wa moyo.

Ubuddha haukuota mizizi kwa Waha wa Kasulu na Kibondo, lakini neno takatifu linalorudiwa wanalijua. Ujiji, mji wa misafara ulio chini yao ziwani, Waislamu walivuta uradi kwa Kiarabu. Huko huko walifika Wamisionari wa Afrika mnamo Januari 1879, na Ukatoliki ukapanda milimani pamoja na rozari: Salamu Maria 50 katika mafungu matano, kiongozi akianza na waumini wakiitikia. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), Kiswahili kilichukua nafasi ya Kilatini katika liturujia. Hata hivyo, kwa aliyelelewa katika Kiha, Kiswahili nacho ni lugha ya pili. Anayesali rozari msibani hatafuti habari mpya katika fungu la tano. Neno lile lile humshikiza mfiwa na kuwaunganisha waombolezaji.

Zikiri, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kukumbuka. Mantra ni chombo cha kufikiri. Istilahi zote mbili zinakanusha dhana ya kutamka bila akili. Tofauti ibaki wazi: uradi na rozari huelekezwa kwa Mungu Muumba, ambaye Ubuddha haumfundishi. Kwa hiyo, nomino “mantra” ibaki kama ilivyo, ila kitenzi kiwe “kuvuta”, kama tuvutavyo uradi, punje kwa punje.