Gari linalozungumza Kijapani: Alama na vifaa ambavyo wamiliki wengi hawavifahamu

KILA asubuhi katika mitaa ya Kata ya Ngokolo, Manispaa ya Shinyanga, magari yanapowashwa kuelekea kazini, sokoni au safarini, husikika ndani ya baadhi yake sauti nyororo ya mwanamke ikitamka maneno ya Kijapani. Wapo wanaoidhani kuwa ni salamu, wapo wanaohofia kuwa ni onyo la ubovu wa injini, na wengi wameizoea tu.

Ukweli ni kwamba sauti hiyo kwa kawaida haihusiani kabisa na injini. Hutoka katika kifaa kidogo cha kulipia ushuru wa barabara za kasi nchini Japani, kinachofahamika kwa herufi ETC, nacho humweleza dereva kuwa kadi ya malipo haijachomekwa. Kwa kuwa mfumo huo hautumiki nchini, fundi umeme wa magari anaweza kukiondoa kifaa hicho bila gari kudhurika.

Ndivyo ilivyo pia kwa redio. Masafa ya FM nchini Japani huanzia megahezi 76, na redio nyingi za magari ya huko huishia 90, wakati vituo vingi vya Tanzania vinasikika juu ya hapo, hadi 108. Redio isiyokamata vituo si lazima iwe mbovu. Inahitaji kifaa cha kuhamisha masafa, ambacho huuzwa katika maduka ya redio za magari.

Sauti na redio ni kero ndogo tu. Yapo mambo mengine ambayo kutoyafahamu kunaweza kugharimu fedha nyingi, na hata maisha. Magari mengi madogo yanayotembea Shinyanga, Kahama na Geita, yakiwamo yale ya abiria yaitwayo michomoko, yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani. Vitabu vyake vya maelekezo, kama havikupotea, vimeandikwa kwa Kijapani. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maelezo muhimu imebandikwa au kuchongwa katika gari lenyewe. Kinachotakiwa ni kujua pa kutazama.

Kibati na karatasi za mlangoni

Kila gari lina kibati kinachoonyesha namba ya chasisi, aina ya injini, aina ya giaboksi na namba ya rangi. Katika magari ya Toyota, kibati hicho huwa chini ya boneti, kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, au kwenye nguzo ya mlango.

Kibati hicho ndicho kinga ya kwanza dhidi ya kununua kipuri kisicho sahihi. Gari aina ya IST, kwa mfano, lipo la NCP60 lenye injini ya cc 1300 na lipo la NCP61 lenye cc 1500. Anayeagiza kipuri Kahama, Mwanza au Dar es Salaam kwa kusema tu "IST" anaweza kuletewa kitu kisichoingia. Kadhalika, anayetaka kupaka rangi ubavu uliokwaruzwa asikadirie kwa macho. Namba ya rangi, mfano 040 ambayo ni nyeupe ya Toyota, humwezesha muuza rangi kuchanganya inayofanana.

Kwenye fremu ya mlango wa dereva au ndani ya boneti hukutwa pia karatasi zilizobandikwa na mafundi wa Japani walipobadilisha oili au mkanda wa taimingi. Karatasi hizo huandikwa kilomita na tarehe, lakini mwaka mara nyingi huhesabiwa kwa enzi za wafalme wa nchi hiyo. Kwa enzi ya Heisei, mtu huongeza 1988, hivyo Heisei 22 ni mwaka 2010. Kwa enzi ya Reiwa, iliyoanza Mei 2019, huongeza 2018, hivyo Reiwa 3 ni mwaka 2021.

Faida yake ni mbili. Kwanza, mnunuzi anaweza kugundua udanganyifu. Karatasi ikionyesha kilomita 140,000 ilhali dashibodi inaonyesha 85,000, basi mita imerudishwa nyuma. Tofauti ndogo isimtishe, kwa kuwa karatasi nyingine huandikwa kilomita za huduma inayofuata. Pili, mmiliki hujua mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kwa magari mengi ya Kijapani yenye mkanda wa mpira, mfano Noah za zamani, kipimo cha kawaida ni kilomita 100,000. Mkanda ukikatika njiani, gari huzimika papo hapo, na katika baadhi ya injini valvu hugonga pistoni na kuharibika. Injini za IST hutumia mnyororo na hazihitaji mabadiliko hayo.

Namba ya chasisi ina kazi nyingine nzito zaidi. Kuanzia mwaka 2008, kampuni za magari zilianza kuyarejesha karakana magari yenye mifuko ya hewa ya usalama iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani. Ilibainika kwamba kemikali ya kuijaza mifuko hiyo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na siku ya ajali kasha lake linaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa waliomo ndani. Vifaa vilivyohusika vilifikia takriban milioni 100 duniani, na Takata iliomba kufilisiwa Juni 2017. Magari yaliyouzwa Japani yalikuwamo. Mmiliki anaweza kuingiza namba ya chasisi katika tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari lake ili kujua kama liliitwa na kama lilirekebishwa.

Umri wa tairi umeandikwa ubavuni

Kupasuka kwa tairi katika mwendo kasi ni miongoni mwa hofu kubwa za madereva wa barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza au Tinde. Wengi hukagua tairi kwa kuangalia vijino vyake peke yake. Lakini mpira huzeeka hata ukiwa haujatembea, na tairi la mtumba lenye vijino virefu linaweza kuwa na umri mkubwa kuliko anavyodhani mnunuzi.

Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa mfululizo wa herufi zinazoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lenye tarakimu tatu tu lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000 na halifai barabarani. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na liondolewe likifikisha miaka 10 hata kama linaonekana jipya.

Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6. Vijino vikishalingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha.

Kuhusu upepo, kipimo sahihi hakiko kwenye tairi. Namba iliyo ubavuni ni kikomo cha juu tu. Kipimo cha gari husika kimo kwenye karatasi ya fremu ya mlango wa dereva, na kwa magari ya Japani huandikwa kwa kilopaskali, yaani kPa, wakati wajaza upepo wetu hutumia pauni. Njia rahisi ni kugawa kwa saba. Gari lililoandikwa 220 linahitaji takriban pauni 32. Upepo upimwe tairi likiwa la baridi, kabla ya safari.

Spea tairi nyembamba nayo imewaponza wengi. Hiyo huhitaji kilopaskali 420, sawa na pauni 60 hivi, na haipaswi kuzidi mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Ni ya kumfikisha dereva kwa fundi, si ya kusafiria.

Taa na vitufe vya dashibodi

Taa za dashibodi zina lugha ya rangi. Nyekundu ni kusimama, ya njano ni kumwona fundi mapema, ya kijani na ya bluu ni taarifa. Magari kama Vitz na Passo mengi hayana mshale wa joto la injini. Taa ya bluu inayowaka asubuhi humaanisha injini bado ni ya baridi, na ikiwaka nyekundu, injini inachemka na gari lisimamishwe mahali salama. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe wakati huo, kwani maji yaliyo kwenye mgandamizo huruka na kuunguza uso na mikono. Dereva asiyeweza kusimama mara moja azime kiyoyozi na kufungulia hewa ya moto hadi mwisho. Abiria watateseka, lakini sehemu ya joto la injini itatoka.

Kwa anayenunua gari, jaribio muhimu ni kufungua swichi kabla ya kuwasha injini. Taa za oili, mifuko ya hewa, breki na injini zinapaswa kuwaka zote, kisha kuzimika baada ya gari kuwashwa au sekunde chache. Taa isiyowaka kabisa inaweza kuwa imeondolewa ili kuficha ubovu.

Karibu na picha ya pampu kwenye geji ya mafuta, magari mengi huwa na mshale mdogo. Huo huonyesha upande uliko mfuniko wa tangi, na humwokoa aliyeazima gari asizunguke kituoni.

Taa ya "O/D OFF" nayo hudhaniwa kuwa ni hitilafu. Ikiwa imetulia, humaanisha tu kwamba gea ya juu kabisa imefungwa kwa kitufe kilicho kwenye mkono wa gea. Hali hiyo hufaa kupandia mlima, kuvuta mzigo au kulipita gari jingine. Ikiachwa hivyo safari nzima, gari hula mafuta zaidi. Ikiwa taa hiyo inawaka na kuzimika yenyewe, giaboksi ikaguliwe. Anayeteremka mlima Sekenke kati ya Singida na Igunga atumie gea ya 2 au L ili injini isaidie kushika mwendo, badala ya kukanyaga breki mfululizo hadi zipate moto na kushindwa kushika.

Betri ikifa gari likiwa kwenye P, mkono wa gea hugoma. Kando yake kuna kitundu au kitufe kilichoandikwa "SHIFT LOCK". Dereva akivuta kwanza breki ya mkono, akakibonyeza kitufe hicho, gea huingia N na gari linaweza kusukumwa. Gari la otomatiki halitawaka kwa kusukumwa, wala lisivutwe mbali huku magurudumu yanayosukumwa na injini yakigusa chini, kwa sababu pampu ya mafuta ya giaboksi huwa imesimama.

Wenye funguo za kielektroniki wanapaswa kujua kwamba ndani ya rimoti mna ufunguo wa chuma wa kufungulia mlango. Betri ya rimoti ikiisha, magari mengi huwaka kwa kuigusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia huku breki imekanyagwa.

Vumbi, fyuzi na watoto

Kuanzia Juni hadi Oktoba, njia zisizo na lami za machimboni na vijijini hugeuka mawingu ya vumbi. Kitufe chenye picha ya gari na mshale uliopinda ndani yake huzuia hewa ya nje kuingia. Kitumike nyuma ya lori, kisha kifunguliwe, kwa kuwa hewa iliyofungiwa muda mrefu huchosha dereva na kutia ukungu kwenye vioo. Nyuma ya droo ya mbele ya abiria, magari mengi huwa na filta ya hewa ya ndani ambayo haijawahi kuguswa tangu Japani. Filta ya injini nayo isafishwe mara nyingi zaidi kuliko kawaida, kwa kupulizwa kutoka upande wa ndani kwenda nje.

Kwenye kasha la fyuzi, mara nyingi kuna fyuzi za akiba na kikoleo cha kuzitolea, na mfuniko huwa na mchoro wa kazi za kila moja. Fyuzi nyekundu ni ya ampea 10, ya bluu 15, ya njano 20 na ya kijani 30. Iliyokatika ibadilishwe kwa yenye namba ileile. Kuunganisha kwa waya ni kukaribisha moto, kwa kuwa kitakachoungua safari nyingine ni nyaya za gari.

Mwisho, kwenye ukingo wa kila mlango wa nyuma kuna kiswichi kidogo kisichoonekana mlango ukifungwa. Kikishushwa au kusogezwa, mlango haufunguki kutoka ndani. Mzazi anayewapeleka watoto shuleni hahitaji fundi wala fedha kukitumia. Ni jambo la sekunde moja kwa kidole.