Kila Mwari Ana Haki ya Somo



Juzi bibi harusi alikuja kwangu Mwera (hii yetu ya Pangani, si ile ya Unguja) kupima gauni, kafuatana na mama na dada yake mkubwa. Dada huyo ana ulemavu wa akili. Nilipompa kitambaa anishikie, mama akasema, “Muache, huyo hajui kitu.” Ana miaka 29, bado huogeshwa na kuvishwa. Nikawaza: mama akitangulia mbele ya haki, je?

Pwani yetu ina utaratibu wa zamani wa kumfunza mtu mzima maisha. Msichana akivunja ungo hupewa somo. Akikaribia kuolewa, kungwi humfunza usafi na twahara. Hafunzwi kwa kitabu. Huonyeshwa, huiga, hurudia mpaka mkono uzoee. Mwenye ulemavu wa akili ndiye aliyeihitaji zaidi njia hii, na ndiye mara nyingi aliyeachwa chumba cha uani.

Dini haikutuelekeza hivyo. Katika Sahih Muslim, Anas (r.a.) anasimulia kuwa mwanamke aliyekuwa na kitu katika akili yake alimwambia Mtume (s.a.w.) kwamba ana haja naye. Mtume akamwita kwa heshima, akamwachia achague njia ya kusimama, akamsikiliza mpaka akamaliza. Wengine husema kalamu imeinuliwa kwake. Kweli, kwake imeinuliwa. Kwetu sisi haijainuliwa.

Serikali na mashirika nayo yalichelewa. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianza 1950. Ya viziwi Tabora, 1963. Elimu ya wenye ulemavu wa akili ikasubiri mpaka 1982. Zanzibar, jumuiya yao, ZAPDD, iliundwa 1999. Sheria ya haki za watu wenye ulemavu ilikuja Zanzibar 2006, Bara 2010. Lakini shule ni ya watoto. Akishakuwa mtu mzima anarudi nyumbani, na nyumbani mwalimu ni sisi.

Basi tufanye kama kungwi: kazi moja, vipande vidogo. Buibui la vifungo, mfungie vyote umwachie cha mwisho. Akikiweza, mwachie viwili. Dukani, mtume kitu kilekile, duka lilelile, noti ileile, mpaka azoee. Ya unyumba yana mahali pake, ila kujisafisha hedhi, kuoga, na kujua kukataa mtu asimguse, hayo ni haki yake.

Bibi harusi, ukikalishwa na kungwi wako, muulize: dada yangu naye alifunzwa na nani?

Yule wa kwangu nilimpa kifungo na tundu lake. Alihangaika nacho muda mrefu, mama akitaka kumsaidia, nami nikimzuia. Kikapita. Akakifungua, akakifunga tena.