Pathologic

Pathologic ni mchezo wa video wa kutisha wa kimajaribio, uliotengenezwa na studio ya Ice-Pick Lodge ya Urusi ikiongozwa na Nikolay Dybowski, na kutolewa kwa ajili ya kompyuta mwaka 2005. Mchezaji huchagua mmoja wa waganga watatu wanaokabili tauni katika mji wa nyikani kwa siku 12. Hofu yake hutokana zaidi na uhaba kuliko mazimwi: siku ya 2 bei ya chakula hupanda ghafla, njaa na uchovu havikomi, na mganga hupekua mapipa ya taka akitafuta chupa tupu za kubadilishana vitu. Saa haimsubiri, anayechelewa hupitwa na matukio.

Wakosoaji waliusifu kwa maudhui, wakalalamikia mwendo wa kuchosha na tafsiri mbovu ya Kiingereza. Pathologic 2, ya mwaka 2019, ilifanywa ngumu kwa makusudi, ili dhiki ionjwe badala ya kusimuliwa tu. Wiki chache baadaye studio iliongeza vidhibiti vya ugumu, huku ikishikilia kwamba kiwango cha awali ndicho kilichokusudiwa.