Rangi ya Kinyonga na Tabia ya Mtu

Katika Kiswahili, mtu anayebadili msimamo kila upepo unapogeuka huitwa kinyonga, na jina hilo hutolewa kwa namna mbili zisizolingana uzito. Anayesema "fulani ni kama kinyonga" anatumia tashbihi, yaani mlinganisho unaotajwa wazi kwa neno la kufananisha, hivyo huacha mwanya kati ya mtu na mnyama. Anayesema "fulani ni kinyonga" anatumia sitiari, ambayo huliondoa neno hilo, ikauziba mwanya na kuligeuza tendo la siku moja kuwa tabia ya kuzaliwa. Makala haya yanadai kwamba sitiari hiyo inamsingizia mnyama na kumhukumu mtu kabla hajasikilizwa.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha uchunguzi wao kuhusu kinyonga wa Madagaska aitwaye kitaalamu Furcifer pardalis. Ndani ya ngozi yake mna seli zenye fuwele, yaani chembe ngumu zilizojipanga kwa utaratibu maalumu, ambazo zikikaribiana huakisi mwanga wa buluu, nao ukichanganyika na umanjano uliomo ngozini hutokea kijani. Mnyama akihamaki, fuwele huachana na rangi huelekea manjano na wekundu. Dume aliyetulia tawini hufanana na majani, na hapo ni kweli kwamba rangi humficha. Lakini akitokea dume mwenzake, huwaka mwili mzima, akaonekana na kila mwenye macho, adui zake wakiwamo. Ni mnafiki gani aivaaye hasira yake waziwazi namna hiyo?

Hata hivyo, misemo haipimwi kwa darubini. Kila jamii huchagua sifa inayoitaka na kuziacha nyingine, na Waswahili wenyewe, wanaposema jambo linakwenda "mwendo wa kinyonga", huisahau rangi na kuushika uzito wa hatua zake. Katika ngano ya Wazulu, kinyonga alitumwa kuwaambia binadamu kwamba hawatakufa, akachelewa njiani, mjusi akamtangulia na habari ya kifo. Huko kosa lake ni uzembe, na rangi haina kesi. Macho yake, yanayozunguka kila moja kivyake, yangetosha kumfanya mfano wa mtu mwangalifu.

Madhara ya sitiari hii huonekana zaidi katika siasa. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 71, inamvua ubunge mbunge anayeacha uanachama wa chama kilichompeleka bungeni. Sheria hapo inalishughulikia tendo, haigusi maumbile ya mtendaji. Jukwaani mambo ni mengine, kwa kuwa aliyehama kwa kufuata cheo na aliyehama kwa sababu chama kimezitupa sera zake huitwa kinyonga sawasawa, na msikilizaji hupewa hukumu bila kupewa sababu. Neno "kigeugeu", lenye asili katika kitenzi "geuka", lingefaa zaidi, maana hulitaja tendo lenyewe na kumruhusu mtu aulize: amegeuka mara ngapi, na kwa nini?

Kuhusu kinyonga mwenyewe, wanasayansi walilitwaa jina lake la Kiswahili mwaka 2006 wakaunda jenasi ya Kinyongia, ambayo baadhi ya spishi zake huishi katika misitu ya Usambara na Uluguru.