King'ora Kabla ya Mshindo

Novemba 1874 mpelelezi Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na msafara wa mamia ya watu, punda, mashua iliyokatwa vipande na mbwa watano kutoka Uingereza. Watatu kati yao, Nero, Bull na Jack, walikuwa wametolewa katika nyumba ya kutunzia mbwa waliotelekezwa kule Battersea, London. Tarehe 27 Februari 1875, baada ya kukatiza Usukuma, msafara ulitua Kageyi, kusini mwa Ziwa Victoria. Si mbwa wote waliofika ziwani. Stanley aliyaandika majina yao kitabuni. Mbwa wa Usukuma waliowabwekea njiani hawakupata mwandishi.

Na sababu ya kubweka ilikuwepo. Misafara ya karne ya 19 haikuingia mahali kimyakimya. Wapelelezi Burton na Speke walipoingia Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, wapagazi walivaa nguo zao nzuri, baragumu zikalia na bunduki zikafyatuliwa hewani ili mji mzima ujue wageni wamefika. Mwaka uliofuata Speke alipanda kaskazini bila Burton, akapita Msalala, ambayo leo iko mkoani Shinyanga, hadi akaliona ziwa. Kwa hiyo mwanzo wa kelele za baruti katika sehemu hizi za Tanzania haukuwa mgodini wala kwenye sherehe ya mwaka mpya. Baruti ililetwa na wafanyabiashara wa pembe, na kwa mbwa wa wakati ule ilikuwa ngurumo isiyo na wingu.

Baada ya hapo silaha zilimiminika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulijaribu kuziba njia hiyo, lakini gobole lilikwisha kuota mizizi. Lilishindiliwa baruti kwa mdomo, likatoa moshi mwingi na mshindo wa kuamsha kijiji.

Hapa ndipo ilipo habari ya kuvutia kuliko zote, ingawa wanahistoria wa silaha huipita bila kugeuka. Mbwa wa mwindaji hakuukimbia mshindo wa gobole. Aliukimbilia. Tangu akiwa mdogo alifuata wakubwa porini, akasikia mlipuko kwa mbali kwanza, kisha karibu, na mara nyingi baada ya mlipuko ilifuata nyama: utumbo, mfupa, damu ya kulamba. Mshindo ukawa habari njema. Hakuna aliyekaa chini kumfundisha. Mpangilio wa kazi yenyewe ndio uliomfunza. Mbwa wa jirani asiyewinda, aliyesikia mlipuko uleule bila kuambulia chochote, alijificha nyuma ya ghala.

Na alikuwa na pa kwenda. Kaya ya Kisukuma ilizungukwa na minyaa, ule mti wa utomvu mweupe unaopandwa kuwa ua, na kaya moja ilikuwa mbali na nyingine. Ua wa minyaa humzuia fisi kwa kiasi na humzuia ng'ombe vizuri, lakini mbwa hupenya. Mnyama mwenye hofu alitoka, akakaa kichakani mpaka moyo utulie, akarudi jioni.

Nafasi hiyo ilipungua taratibu. Katika miaka ya 1920 na 1930 Charles Swynnerton, mkuu wa idara ya utafiti wa mbung'o, aliifanya Shinyanga kuwa makao ya vita dhidi ya mdudu huyo. Pori lilichomwa, miti ikafyekwa, ng'ombe na mashamba ya pamba vikachukua mahali pa wanyama wa mwitu. Swynnerton mwenyewe alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Pori lilipokwisha, mbwa wa kuwinda alipungukiwa kazi na kubaki mlinzi wa zizi. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikazihamisha kaya zilizotawanyika na kuzipanga kwa mistari. Wachache wamewahi kujiuliza operesheni ile ilimaanisha nini kwa mbwa. Kwa uchache, kila mmoja alijikuta na majirani wengi wenye kubweka kuliko alivyozoea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sungusungu walipozaliwa kati ya Kahama na Shinyanga, usiku ukapata kelele mpya: mwano, yaani mayowe ya kuitana, na filimbi za watu wenye pinde na mishale wakifuata nyayo za wezi wa ng'ombe.

Lakini mshindo mkubwa ulikuwa umeshaanza upande wa magharibi. Wajerumani waligundua dhahabu ya Geita kabla karne ya 19 haijaisha. Uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 1936 chini ya Waingereza, na mgodi huo, uliokuwa mkubwa kuliko migodi yote ya dhahabu Afrika Mashariki, ulifanya kazi mpaka 1966. Dhahabu ya Geita imefungwa ndani ya mwamba mgumu, na mwamba huo haupasuki kwa kubembelezwa. Wachimbaji wa zamani duniani waliuchoma moto kisha wakaumwagia maji ili upasuke; hasa tangu Alfred Nobel alipopata hataza ya baruti yake kali mwaka 1867, kazi hiyo ilihamia kwenye mashimo ya kuchoronga, utambi na fataki za kuwashia. Mwadui, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, hali ilikuwa nyingine. Pale sehemu kubwa ya utajiri ilikuwa katika changarawe na udongo laini wa juu, uliosombwa kwa mashine na kuchekechwa. Watoto wawili wa miaka ya 1950, mmoja wa Mwadui na mwingine wa Geita, walikua na sauti tofauti kabisa masikioni, na mbwa wao vilevile.

Baada ya 1966 Geita ilinyamaza kwa zaidi ya miongo mitatu, ukiacha nyundo na moko, yaani patasi, za wachimbaji wadogo. Mwaka 2000 mgodi mkubwa ukafunguliwa upya, safari hii kwa mashimo ya wazi. Mwaka uliofuata Bulyanhulu ikaanza kuzalisha chini ya ardhi, na mwaka 2009 ikaja Buzwagi, karibu kabisa na mji wa Kahama, ambayo ilizalisha dhahabu hadi 2021.

Mlipuko wa mgodi mkubwa una taratibu zake. Mashimo huchorongwa kwa mpangilio, hujazwa mchanganyiko wa amonia naitreti na mafuta, na huwashwa kwa kupishana sehemu ndogo za sekunde ili nguvu isitoke yote kwa pamoja. Barabara hufungwa, watu na mitambo huondolewa, king'ora hulia. Wataalamu huepuka alfajiri na siku za mawingu mazito, kwa sababu tabaka la hewa ya joto lililokaa juu ya hewa baridi huurudisha mshindo ardhini na kuusambaza mbali. Chini ya ardhi, kama Bulyanhulu, milipuko hupangwa zamu inapokwisha na watu wakiwa wametoka. Juu husikika kama mtikisiko zaidi kuliko sauti. Taratibu hizi hazikumaliza malalamiko. Wakazi wa mitaa ya Katoma na Compound mjini Geita wamekuwa wakilalamikia nyufa katika nyumba zao kwa miaka mingi. Hata hivyo, kwa upande wa mnyama, king'ora kina thamani ambayo pengine hata waliokifunga hawakuifikiria.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani Jay Weiss alitangaza matokeo ya majaribio aliyofanya kwa panya katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Makundi mawili yalipigwa shoti ya umeme ya nguvu sawa, kwa idadi sawa. Kundi moja lilisikia mlio kabla ya kila shoti, jingine lilishtukizwa. Walioshtukizwa walipata vidonda vya tumbo vingi zaidi sana. Panya aliyeonywa aliogopa pia, ila mlio usipokuwepo alijua yuko salama, akapumzika. Yule mwingine hakuwa na dakika salama hata moja.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya mlipuko wa mgodi mkubwa kama wa Geita na fataki za usiku wa manane. Mbwa anayeishi kando ya mgodi hujifunza mlolongo wake: king'ora, mshindo, kimya mpaka kesho. Anaweza kutetemeka king'ora kikilia, na hilo si jambo la kupuuza, lakini saa zilizobaki ni zake. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo, Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo, maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, ni mengi na kila moja lina wenyewe na ratiba yake, kwa hiyo mlolongo huo huvurugika. Fataki za sherehe ni mbaya zaidi, kwa kuwa hazina mlolongo wowote: huanza saa sita usiku, au saa tatu kwa asiye na subira, zikirushwa kutoka pande zote pamoja na mwanga na harufu.

Katika miji ya Afrika Mashariki fataki zilijulikana muda mrefu kupitia Diwali ya wafanyabiashara Wahindi. Sasa ni za kila mtu: mkesha wa Desemba 31, harusi, ushindi wa Simba au Yanga. Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, ileile inayosimamia baruti za migodini, inazihesabu fataki kuwa vilipuzi, na karibu kila mwisho wa mwaka jeshi la polisi hutoa onyo dhidi ya kuzipiga ovyo. Onyo husomwa redioni, na usiku ule ule anga hung'aa.

Binadamu husikia sauti hadi mitetemo 20,000 kwa sekunde. Mbwa hufika 45,000 na zaidi, na paka humpita mbwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol waliwauliza wenye mbwa kama wanyama wao wanaogopa kelele. Robo hivi walisema ndiyo. Walipoulizwa kuhusu dalili moja moja, kama kutetemeka, kujificha, kubweka au kumfuata mtu kila aendako, karibu nusu walikiri kuziona. Wengi huishi na mnyama mwenye hofu na kudhani ni mkaidi.

Huku Shinyanga na Geita kuna hatari ya ziada. Mbwa aliyevunja kamba usiku wa fataki hukutwa asubuhi mtaa wa tano, anahema, anadondosha udenda, hatazami mtu. Kwa wasiomjua, huyo ni mbwa mwenye kichaa. Wana sababu ya kuogopa: utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba kichaa cha mbwa kiliua watu 1,500 hivi kwa mwaka nchini Tanzania. Mnyama aliyeponea fataki anaweza kufa kwa mawe. Ndiyo maana ukanda wa shingoni wenye namba ya simu na kadi ya chanjo vinamlinda kuliko mnyororo. Mnyororo wenyewe ni balaa siku kama hiyo, kwa kuwa unamnyima kile ambacho minyaa ilimpa babu yake, yaani pa kutokea, na mbwa anayeruka akiwa amefungwa anaweza kujinyonga.

Badala ya kichaka, mwenye nyumba ya kisasa anaweza kumpa chumba cha ndani chenye mapazia mazito na redio iliyofunguliwa mapema, kabla ya mshindo wa kwanza. Paka akipanda juu ya kabati aachwe hukohuko. Kumvuta chini kwa huruma ni kumwongezea hofu. Ile imani kwamba kumfariji mbwa anayetetemeka ni kumfundisha uoga haina msingi, na anayetaka kuegemea miguu ya mtu aruhusiwe. Kuhusu dawa, ni kazi ya daktari wa mifugo, tena aulizwe vizuri: asepromazini, dawa ya zamani ya kutuliza, humlegeza mnyama viungo huku akili ikiendelea kuogopa.

Na kuna nyama. Mwaka 2020 Stefanie Riemer wa Chuo Kikuu cha Bern alichapisha majibu ya wenye mbwa zaidi ya 1,200 kuhusu mbinu walizojaribu dhidi ya hofu ya fataki. Kumpa mbwa chakula kitamu au mchezo mara tu baada ya kila mlipuko kulisaidia kwa asilimia 70 hivi ya waliojaribu, kuliko karibu kila kitu kingine kwenye orodha. Wawindaji wa magobole wangeshangaa kusikia kwamba jambo hilo lilihitaji chuo kikuu.

Tatizo ni majira. Desemba, Shinyanga na Geita zimo ndani ya mvua, na bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi sana duniani. Mbwa aliyeanza kuogopa fataki anaweza kuanza kuogopa na ngurumo, kisha matone ya kwanza juu ya bati, na kila dhoruba hubomoa kilichojengwa. Mafunzo ya kumzoesha sauti, yaani kurekodi milipuko kwenye simu, kuipiga kwa sauti ndogo sana wakati wa kula na kuipandisha kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, hufaa yafanywe kiangazi, kati ya Juni na Septemba, wakati anga ni kavu na mkesha wa mwaka mpya uko mbali.